Ukuta Kati ya Baba na Mama

Nyumbani, nyuma ya mashine ya kusaga,
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu. Hujambo huko? Wifi na watoto hawajambo? Goti lako limepoa? Sisi wazima, ila mimi nina kichefuchefu ambacho si cha tumbo.

Tangu uondoke, mtaa umegawanyika. Barabara ya sokoni ndiyo mpaka: wa msikitini huku, wa kanisani kule. Hata kinyozi, aliyenyoa vichwa vyetu sote, siku hizi huulizwa kwanza anasali wapi. Nilidhani wamefika mwisho. Kumbe walibakiza wafu.

Imamu na mchungaji, ambao hata salamu hawapeani, wamekubaliana jambo moja tu: ukuta ukate makaburi katikati. Na kwa kuwa Baba na Mama wamelala wamebanana, Mama afukuliwe apelekwe kwa wenzake wa kanisani. Wenzake kina nani, Kaka? Yeye na Baba wamezeeka kitanda kimoja.

Mjomba akawaambia wewe umeridhia. Nilipomuuliza mlizungumza lini, akaanza kufuta miwani. Nilitema mate chini mbele yake, na sijutii.

Siku ya kuchimba nikakuta wanaume na majembe. Shangazi alishatangulia, ameketi penye kaburi la Mama, tasbihi mkononi. Wazee wa msikiti wakamtaka ainuke, eti anawaaibisha. Akawajibu taratibu:

“Huyu ni wifi yangu. Nilimuuguza, nikamwosha. Mkitaka kumtoa, anzeni na mimi.”

Hakuna aliyeinua jembe. Fundi naye akasema ukuta atajenga, lakini hapo hagusi.

Basi umejengwa, na pengo limebaki penye makaburi yao. Na unajua nini? Imamu na mchungaji, wote wawili, sasa hupita humo kukata njia ya sokoni, wakikanyaga miguuni pa Mama kama wanapita uani kwao. Dini wanayo mdomoni; nyayo zao nazifagia mimi.

Shangazi ametengwa na majirani zake. Nimemhamishia chumbani kwako, najua hutaudhika.

Wakikupigia simu kutaka ridhaa ya kumhamisha Mama, wakatalie kwa kinywa chako mwenyewe. Neno la mtoto wa kiume ndilo wanalolisikia, na hilo nalo linanichefua.

Msalimie wifi, uwabusu watoto. Shangazi anakuombea, na Mungu amsikie yeye kabla ya hao wenye vipaza sauti. Mjomba hakuniagiza salamu, nami sikumwomba.

Mdogo wako akupendaye sana,
Kiherehere