Mbegu Iliyosahau Maziwa

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na wale watundu wako wawili. Mguu umepona, au bado unaburuza kandambili ukijifanya huumwi? Mimi mwili haujambo. Roho ndiyo mbovu.

Barua yako nimeipata. Unasema hii ni wiki ya tatu maziwa hayagandi, unayamwaga, na wateja wamehamia kwingine. Unasema pia umemfukuza Ndoo Mbili, mkamuaji aliyekuwa na mama tangu sisi hatujaota meno, kwa sababu karatasi ya maabara yetu ilionyesha aliwadunga ng'ombe dawa akaficha, na dawa hiyo ndiyo inayoua mbegu ya kugandishia.

Ile mbegu ya mama, uliyonikabidhi yote niitunze na kukutumia kila mwezi, ni bakteria wanaokula sukari ya maziwa na kutoa asidi inayogandisha. Lakini wakipata glukosi, ambayo kwao ni laini, huzifunga jeni za kula sukari ya maziwa. Protini moja huzikalia jeni hizo mpaka glukosi iishe, kisha hubanduka na kazi huanza. Huo si ugonjwa. Hawapendi kazi isiyo ya lazima, kama mimi enzi zile za zamu ya vyombo.

Mwaka jana nilichoka kuwachemshia maziwa kila wiki, nikawahamishia kwenye maji ya glukosi. Waliongezeka upesi, mkuu wa maabara akanisifu, nami kichwa kikavimba. Mwezi baada ya mwezi jeni zile zikakaa bure. Kwa bakteria wetu hazimo kwenye DNA kuu; zimo kwenye kipete kidogo cha pembeni, na wasipokihitaji kwa muda mrefu hukipoteza. Wamekipoteza. Sasa hata glukosi ikiisha hakuna cha kufungua. Nimepima vichupa vyote. Kile cha zamani, kilichokuwa na maziwa, nilikimwaga mwenyewe nipate nafasi kwenye friji.

Dada, nimezunguka vya kutosha. Maziwa uliyoleta nipime hayakuwa na dawa hata chembe. Karatasi ile niliiandika kwa uongo, siku ileile niliyogundua kosa langu, kwa kuogopa utaniuliza habari za mbegu. Ndoo Mbili alikuja hapa kuomba yapimwe upya. Alikaa mapokezi tangu asubuhi, kofia magotini. Nikamwagiza mlinzi amwambie nimesafiri. Alimshukuru mlinzi, akaenda zake.

Juzi nilimpigia simu, akapokea binti yake. Alisema baba yake hataki tena kumgusa ng'ombe. Anaamini kweli aliwadunga dawa akasahau, kwamba uzee umeshamla akili. Anaomba radhi kila anayeingia nyumbani. Nilikata simu.

Msomee Ndoo Mbili barua hii, mimi sina uso wa kwenda. Mbegu usiisubiri, haipo. Wabusu watoto.

Ni mimi mdogo wako, uliyemwamini kwa kuwa amesoma.