Siku Ulipopanda Paa la Karavani

Mpendwa Mama mkwe,

Mvua haijakatika tangu asubuhi hapa Katoyi, mtaa wetu wa Goma, na mzee ambaye magoti yake hayataki kutoka nje hubaki nyumbani na watu aliowazika. Leo nimebaki na wewe. Furaha yuko jikoni anapepeta maharage, nami nimemwambia ninamwandikia mama yake. Hakushangaa. Amesema tu, "Mwambie alikuwa na haki juu ya ile chupa ya kanyanga."

Wajukuu zako nao watasoma barua hii, kwa hiyo niruhusu nieleze kidogo. Unajua ualimu haunitoki. Watoto wa leo hukaa meza moja na mama wakwe zao na kucheka nao. Sisi hatukulelewa hivyo. Mkwe hakula mbele ya mama wa mke wake, hakumtazama usoni, na wala hakumsemesha bila mtu wa kati. Kubwa kuliko yote, hakupita juu ya kitanda chake, hata kama kitanda ni kitupu na mwenyewe yuko shambani. Haikuwa chuki. Ilikuwa namna ya kusema: huyu amenipa binti yake, basi namwachia nafasi kubwa kama zawadi yenyewe.

Kule kwetu Kiwanja tulikuwa na nafasi ya kutosha ya kuheshimiana. Nyumba yako ilikuwa nyuma ya migomba, yangu karibu na shule, na Furaha alikuwa njia kati yetu. Kisha vita vikafika, tukashika barabara ya Rutshuru kuteremka Goma pamoja na ule umati. Bado nakuona, Mama. Mimi nilikuwa mbele na godoro kichwani, Furaha katikati na mimba yake, na wewe nyuma kabisa, umbali uleule uliokuwa ukiutunza siku zote. Bunduki zilikuwa zinalia vilimani, watu wakakupigia kelele ukimbie. Ukawajibu kwamba kukimbia unajua, ila mbele yuko mkwe wako.

Papa Bahati, niliyesoma naye zamani, alitupa kimbilio kwenye uwanja wake. Hakikuwa chumba. Ilikuwa karavani, ile nyumba ndogo ya bati jepesi ambayo wageni huivuta nyuma ya gari. Watu fulani wa misaada waliiacha pale walipofunga kazi. Magurudumu yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa, ikakaa juu ya mawe ya volkano kama kuku anayelalia mayai. Wewe na Furaha mlilala ndani. Mimi nilifunga turubai kwenye ukuta wake wa nje, hilo likawa nyumba yangu. Binti yetu Neema alizaliwa humo ndani, mikononi mwako.

Na paa lake lilikuwa linavuja. Maji yaliingia pale vipande viwili vya paa vinapokutana, juu kabisa ya kitanda chenu. Ukisogeza mtoto kichwani, maji yanamfuata. Ukimsogeza miguuni, huko nako kuna tone. Niliwapa turubai langu, tukalirusha juu ya paa na kulifunga kwa kamba tukiwa chini, upepo wa ziwani ukaligeuza bendera na kulirarua pembeni. Kifua cha Neema kikaanza kulia kama mlango usiotiwa mafuta. Muuguzi wa kituo cha afya alimsikiliza, akatutazama mmoja mmoja.

"Mutoto huyu akilala tena kwenye ubichi, musimulete kwangu. Mutamupeleka kwa padiri."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kuona watoto wa aina hiyo. Tukaenda kuulizia nafasi parokiani, tukaenda shuleni. Kote watu walikuwa wamelala kwa zamu. Hapakuwa na paa jingine Goma nzima kwa ajili ya mtoto yule, isipokuwa lile lenye tundu.

Ndani ya kabati la karavani nilikuta mviringo wa utepe mpana, mweupe, wenye gundi upande mmoja, umetengenezwa kwa kuziba mapaa kama hayo. Goma kila utepe wenye gundi ni skochi, basi nao tukauita skochi. Papa Bahati alikuwa mtu wa haraka. Akapanda siku ileile, akabandika juu ya vumbi, akashuka akipangusa mikono. Asubuhi upepo ulikuwa umeibandua yote, inaning'inia kama ganda la ndizi.

"Skochi ya Wazungu!" alicheka. "Na yenyewe imekimbia vita!"

Akaenda zake Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, kuwaona watoto wake. Kilichobaki kilitosha kujaribu mara moja tu. Ndipo nikaketi na kusoma karatasi ya Kifaransa iliyokuwa katikati ya mviringo, kama ilivyompasa mwalimu kufanya tangu mwanzo. Maana yake ni nyepesi, na nimeirudia kwa watu wengi tangu hapo: gundi haishiki bati, inashika chochote inachokikuta juu ya bati. Ikikuta vumbi, itashika vumbi kwa nguvu zake zote, na vumbi likiondoka wataondoka pamoja. Kwa hiyo kazi ya kuziba si kubandika. Kazi ni kuandaa: kukwangua gundi ya zamani, kuosha, kupangusa kwa spiriti, kukausha. Kubandika ni amina ya mwisho wa sala.

Siku ya jua ilipopatikana, nilivua viatu nikasimamisha ngazi. Furaha akaanza kulia mlangoni, mtoto kifuani. "Papa Neema, kitanda cha mama kiko chini hapo. Utakanyaga juu ya kitanda cha mama?" Nilimwambia Mungu ataelewa. Mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi, na moyo wangu, nakuambia leo, ulikuwa mzito kuliko siku tuliyotoka Kiwanja.

Sauti yako ikatoka ndani. "Furaha, ambia bwana yako aondoe muguu."

Ulitoka umejikaza kitenge kama mtu anayekwenda kulima. Ukapita ukinipa mgongo. "Vita imekamata shamba yangu," ulimwambia binti yako. "Imekamata mbuzi. Haitakamata na heshima ya Mwalimu. Mimi mwenyewe nitapanda. Kitanda ni yangu, nikikanyaga ninajikanyaga."

Na ukapanda! Mwanamke mwenye mvi, mwembamba, ukitambaa kwa magoti juu ya ubao ili bati lisibonyee. Majirani walijaa kwenye ua.

"Mama, unaenda mbinguni bila sakramenti?" mmoja aliita.

"Nitakusalimia huko," ulimjibu, "nitasema umebaki hapa na mudomo yako."

Sasa shida ilikuwa moja. Aliyejua karatasi alikuwa mimi, mwenye kisu alikuwa wewe, na Furaha, mtu wetu wa kati, alikuwa ndani anamtuliza mtoto anayekohoa. Nikakupa mgongo, nikaelekea ukuta wa mawe, nikafundisha mawe.

"Enyi mawe," nilisema, "kama kuna mtu anakwangua, akwangue kwa kulaza kisu, asitoboe bati."

Ukaiambia silaha yako. "Kisu, umesikia? Muulize kama anafikiri sisi ni wajinga."

Majirani walikaribia kuanguka kwa kicheko. Lakini kazi ilikwenda. Uliosha kwa sabuni ya mawese, nami nikayaambia mawe kwamba sabuni ile huacha utelezi, kwa hiyo asuuze mpaka kidole kikipita juu ya bati kilie. Ulisuuza mpaka kikalia. Kisha nikafika kwenye spiriti. Duka la dawa lilikuwa limefungwa tangu mapigano yalipokaribia mji. Kulikuwa na kitu kimoja tu mtaani ambacho kingeweza kukata mafuta ya moshi kwenye bati, nikakitaja kwa sauti ndogo: kanyanga, ile pombe kali ya ndizi.

Wewe ndiye uliyezunguka nyua za Kiwanja miaka mingi ukiwasihi wanaume waiache. Ulikuwa umezika ndugu kwa sababu yake.

Ukashuka. Ulikwenda mwenyewe kwa mama anayeiuza, ukarudi na chupa mkononi, mbele ya watu wote, wala hukuificha ndani ya kitenge. Furaha alishika kichwa. "Mama! Batu batasema nini?"

"Baseme. Ninakwenda kunywesha paa."

Kitambaa cha kwanza kilitoka cheusi kwa vumbi la mawe yetu na moshi wa makala, yaani makaa ya kupikia. Cha pili kijivu. Uliendelea, na harufu ikijaa ua mzima, mpaka kitambaa kikatoka safi. Ulikata pembe za kila kipande ziwe za mviringo, kwa kuwa pembe kali ndiyo upepo hushika kwanza. Ukaanza upande wa chini ili kipande cha juu kikilalie cha chini, maji yapite bila kuingia. Ukasukuma hewa itoke kwa kuviringisha chupa ileile.

Kilibaki kipande kirefu, cha kiungo kilicho juu ya kitanda, na wingu lilikuwa limekwisha kuuficha mlima. Skochi ile ikigusa bati hairudi. Ulipiga magoti ukiwa umeishika mikono yote miwili, na kutoka pale hukuweza kuona kama imenyooka. Ndani, Neema akakohoa kikohozi kirefu. Nilingoja useme na kisu.

"Mwalimu," ulisema. "Geuka. Angalia."

Niligeuka, Mama. Nikauona uso wako. Miaka yote ile sikuwa nimejua kwamba Furaha amechukua nyusi zako. Ulikuwa na masizi mpaka kidevuni, na macho yako yalikuwa yananitazama bila haya wala hasira, kama mtu anavyomtazama mwenzake wanapobeba mzigo mmoja.

"Mkono wa kulia ushuke kidogo, Mama."

"Hivi?"

"Bado. Bado. Hapo hapo."

Ukaibandika. Tone la kwanza lilikupata kwenye ngazi. Ulipofika chini ulinipa mgongo, nami nikakupa wangu, kila mmoja akaenda mahali pake. Nilikaa chini ya turubai langu lililoraruka, mvua inapiga bati, nikisubiri kusikia mkisogeza godoro. Hamkusogeza. Baada ya muda ukagonga ukuta kwa ndani.

"Furaha, ambia mutu wa inje hapa hakuna maji."

Hatukusemeshana tena mpaka ulipofariki. Vita havikuturuhusu kukurudisha Masisi ulikozaliwa. Umelala hapa Goma, kwenye mawe haya. Mila yetu ilinipa njia nyingi za kukuheshimu na haikunipa hata moja ya kukushukuru. Nilituma vitenge, nilituma kuni, vyote kupitia mkono wa Furaha, na nadhani ulivielewa. Lakini neno lenyewe sikulisema. Wakimbizi wengine wamekuja tena mjini, Mama, na nikiwaona wanabandika chochote juu ya vumbi nawasimamisha niwaeleze, wananivumilia. Hawajui namweleza nani.

Asante kwa kitenge ulichojikaza. Asante kwa chupa uliyoibeba wazi. Asante kwa kuniita.

Neema ana watoto wake sasa, na anauza vitambaa sokoni. Ana sauti, Mama, nashindwa hata kukueleza. Hivi ninapoandika anabishana na muuza makala getini kuhusu gunia lililolowa, na mtaa mzima unajua nani ana haki. Furaha anasema nitoke nikamnyamazishe.

Sitoki. Nasikiliza kifua chake.

Mimi mkwe wako,
Papa Neema