Mabati Yangu Kwenye Banda la Rebeka

Jumanne, 5 Mei
Nilikuwa nikichambua maharagwe mvua ya mawe ilipoanza, saa tisa alasiri. Dakika ishirini tu. Mawe kama mayai ya kware, mengine kama ndimu. Joto kali la asubuhi hupandisha hewa haraka, matone yakaganda huko juu kabla hayajaanguka. Niliwafundisha watoto jambo hilo darasani miaka mingi. Leo nimelitazama kupitia paa langu. Matundu kumi na saba juu ya sebule pekee. Mabati yetu yalikuwa membamba. Marehemu mume wangu alinunua aliyoweza. Beseni zote zimetumika. Hata sufuria ya wageni.

Jumatano, 6 Mei
Nimempigia simu wakala wa bima. Mkadiriaji, yaani mtu anayetumwa na kampuni kutazama hasara, atafika wiki ijayo. Wiki ijayo! Jumamosi hii wazee wa upande wa Kimani, mchumba wa binti yangu Wambui, wanakuja kwa ruracio, ile shughuli ya mahari. Hawawezi kuzungumzia mahari huku beseni zikidondokewa katikati yao. Wataenda kusema nyumba hii haina mtu. Nimemwita fundi. Nimetoa pesa za jicho langu la kushoto, lililokuwa litolewe mtoto wa jicho mwezi wa saba. Bima itazirudisha.

Rebeka, jirani yangu, amefunika paa lake kwa nailoni na kuikandamiza kwa matofali. Lake liliumia kuliko langu. Anauza viazi kule Bondeni, aliacha shule darasa la sita. Kwenye bima hii ni mimi niliyemwingiza. Niliwasomea wanachama wote masharti kwenye chama chetu cha akiba, ukurasa kwa ukurasa.

Ijumaa, 8 Mei
Paa limekamilika. Linang'aa. Rebeka alikuja kulitazama, akaomba mabati ya zamani ya kujengea banda la kuku. Hapa kwetu Njoro bati halitupwi. Akayabeba yote kwa mkokoteni. Nakiri: nilipoitazama ile nailoni yake, nilifurahi kidogo.

Jumamosi, 9 Mei
Wageni wameridhika. Mzee mmoja alitazama dari, akasema, "Hii nyumba iko na mwenyewe." Nitalala vizuri.

Alhamisi, 14 Mei
Mkadiriaji alikuja. Kijana, viatu safi. Alianzia kwa Rebeka. Nilimwona kutoka dirishani akipanda ngazi, akipiga picha, akiandika. Saa nzima. Kisha akaja kwangu, bado anatafuna andazi la Rebeka. Alisimama uani, akatazama juu.

"Mathe, sasa hapa nipige picha ya nini?"

Nikamweleza. Wakwe, beseni, fundi. Nikamwonyesha risiti.

"Risiti inasema ulinunua. Haisemi mvua ilitoboa. Mabati ya zamani yako wapi?"

Ningemwambia ukweli. Hatua arubaini tu hadi kwenye banda lile. Lakini alikuwa ametoka kusema wateja wote wangekuwa kama yule mama jirani, kazi yake ingekuwa rahisi. Sikuweza kumrudisha kwa yule mama ili mama huyo ndiye aniokoe.

"Walichukua wanunuzi wa vyuma," nikasema.

Nimedanganya. Nina miaka sabini na moja.

Jumapili, 17 Mei
Baada ya ibada Rebeka alinishika mkono. "Mwalimu, yule kijana alinisifu! Nikamwambia usinisifu mimi, sifu Mwalimu. Si ni wewe ulituambia kwa chama tusiguse kitu mpaka watu wa bima waone? Na tukigusa, tuweke vile vipande?"

Nilicheka naye. Nyumbani nikaitoa hati. Kifungu cha tisa. Nimekipigia mstari mwekundu mimi mwenyewe. Kinachoruhusiwa ni kuziba tu ili hasara isiongezeke, na kuhifadhi kilichoharibika. Nailoni na matofali. Hivyo tu. Yule asiyesoma alitii. Mimi nilifundisha, nikasahau kwa sababu ya wageni.

Jumatatu, 25 Mei
Rebeka amekubaliwa. Mafundi wawili wako juu tangu asubuhi. Mabati mazito ya rangi ya damu ya mzee, yenye umbo la vigae. Dada zake wamepiga vigelegele.

Mimi nimepata barua. Nitoe ushahidi katika siku kumi na nne, la sivyo faili litafungwa.

Niandike waziwazi. Kuona wivu ni kutaka kile alicho nacho mwenzako. Husuda ni kutaka hata yeye asiwe nacho. Wengi huchanganya. Mimi sichanganyi, kwa kuwa leo nina vyote viwili.

Jumatano, 3 Juni
Mkutano wa chama. Mwenyekiti akasema, "Leo Mama Rebeka atufundishe vile mtu hudai bima." Rebeka akasimama pale ninaposimama mimi. Akaeleza vizuri. Kwa mpangilio. Hilo ndilo lililoniuma kuliko paa.

Niliondoka kabla ya chai.

Ijumaa, 5 Juni
Jicho la kushoto halioni tena namba za kalenda. Nimepima kwa kuziba la kulia. Kati ya zile siku kumi na nne zimebaki tatu.

Jumamosi, 6 Juni
Nimekwenda.

Rebeka alikuwa akiwamwagia kuku mahindi. Nilisimama mlangoni pa banda kama mtoto aliyechelewa shule. Mabati yangu yote hapo, ukutani na juu, yametobolewa hivyo hivyo. Nikamwambia yote. Na uongo niliosema. Na ya kwamba nimemwonea wivu mwezi mzima.

Alinitazama sana.

"Mwezi mzima umenikunjia uso, nikadhani kuku wangu wamekula mboga zako!"

"Wamekula pia."

"Ai, Mwalimu! Na si ungesema? Hata wivu si ungekuja tu uniambie, tungekunywa na chai?"

Kisha hasira ikampata. Akaniuliza kama nilimwona mdogo sana hata nisiweze kuomba bati langu mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akaingia ndani. Nilijua amemaliza na mimi. Akatoka na nyundo ya kung'olea mabati.

Nilimzuia, hatukung'oa. Nilimpigia mkadiriaji simu, nikakiri, nikamwomba aje ayaone yakiwa hapo. Alifika alasiri. Rebeka alimshikia kuku pembeni ili apige picha ukuta. Mabati sita yalikuwa yamekatwa ili kutengeneza mlango na viota, hayo hakuyahesabu. Aliniuliza mbona nilisema wanunuzi wa vyuma. Nikamwambia, "Kiburi." Aliliandika. Sijui kama kuna nafasi ya neno hilo kwenye fomu yao.

Jumatano, 24 Juni
Barua imekuja. Watalipa kwa yale mabati kumi na mawili waliyoyaona. Mengine nimejilipia kwa kiburi changu. Pesa hizo zinatosha jicho.

Hospitali imenipa Alhamisi ijayo. Wanataka mtu wa kunisindikiza na kunirudisha, kwa kuwa nitatoka nimefungwa kitambaa. Wambui hawezi kupata ruhusa kazini. Rebeka amesema hatafungua kibanda siku hiyo.

Bado namwonea wivu. Paa lake ni zuri, na watu sasa humuuliza yeye kwanza.

Jioni alikuja. Maagizo ya hospitali yameandikwa kwa herufi ndogo, nikampa karatasi. Alinisomea polepole, kidole kikifuata mstari. Alikosea maneno mawili. Sikumsahihisha.