Mama, Ungo Tumeuweka Kwenye Ringi

Mama,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo nikainua kalamu, kwa mazoea, nikisubiri uitikie kisha uniulize kama nimekula. Nimekula. Wali na maharage, na kipande cha samaki wa jana nilichokipasha. Niko Turiani, tela limeegeshwa palepale kando ya mfereji, mahali ulipopapenda kwa sababu maji hayako mbali. Wakata miwa wameanza kurudi kutoka mashambani, na sufuria kubwa iko jikoni tayari.

Habari ya kwanza nikupe hapa hapa mwanzoni, maana nakujua, ungeruka maneno yote mengine ukiitafuta: tela halikuuzwa. Tulia sasa, nikusimulie.

Tulikuzika Kinole, karibu na bibi. Ilinyesha mvua yetu ile ya milimani, isiyokuwa na haraka, na njia iliteleza mpaka waliokubeba wakawa wanashikana mikono. Mjomba Saidi alisimamia kila kitu. Baada ya maziko akaniita pembeni akaniambia neno lake, na kwetu unajua, kaka wa mama akishasema juu ya watoto wa dada yake, limekaa. Alisema, "Mpwa wangu, mtoto wa kike hawezi kubaki peke yake kwenye nyumba ya matairi. Shamba la mama yako lipo, sasa ni lako. Panda juu ulime. Lile dude liuzwe."

Dude, Mama. Tela uliloling'ang'ania kwa wakandarasi wa barabara walipofunga kambi yao, miaka ile kila kitu ruksa na kila shirika linauzwa, na wewe kantini ya kiwanda imekupunguza pamoja na wenzako. Wenzako walifungua genge nyumbani. Wewe ukasema wateja wako hawakai mahali pamoja, basi na wewe hutakaa. Nimelala ndani ya tela hilo tangu nikiwa darasa la tatu: masika Mwembesongo kwa Mama Mdogo, mavuno ya mpunga Dumila, miwa Turiani, Shomari anatuvuta na trekta lake huku sahani zinalia kabatini. Sijui kulala kwingine. Kule Kinole kwenye matanga nilikuwa naamka asubuhi shingo imekakamaa, nyumba ya udongo imetulia tuli.

Nilimwomba Mjomba anipe muda. Akasema, "Mpaka arobaini. Kama litakuwa linaweza kukulisha, nionyeshe."

Sasa hapo ndipo ungo unapoingia. Wewe mwenyewe ndiye uliyeanza. Ile hoteli ya njiapanda ya Dumila ilipoweka televisheni, wateja wetu walianza kula kwetu haraka haraka wakakimbilie chai kule, baadaye wakawa wanakula kulekule. Ulikasirika siku mbili, siku ya tatu ukasema, "Basi na sisi tutafute." Tukabishana mwezi mzima. Wewe ulitaka ule ungo mkubwa wa wavu wa kunasia matangazo, kama wa nyumba ya wageni ya Msamvu, kwa sababu hauhitaji kulipia kila mwezi. Mimi nikakuuliza tutaubeba wapi, nao unasimikwa kwa saruji, au tuwe tunaacha nguzo kila kituo kama makaburi. Ukaniambia nisikupande kichwani. Nikataka mdogo, wa dekoda na kadi. Ukasema kadi ni kama mwenye nyumba wa ovyo, ukimchelewesha kidogo anazima taa. Tulikuwa bado hatujaamua ulipoanguka pale kwenye beseni la vyombo.

Nilinunua mdogo, pamoja na televisheni. Nisamehe au usinisamehe, ndio uliopo. Kwa zile fedha zako za kwenye kanga ya njano, na Mama Mdogo alikuwa shahidi.

Fundi Elia wa Mazimbu, yule kijana anayeongea kama amezaliwa Kariakoo, alikuja Mwembesongo akaufunga juu ya paa la tela. Picha ikaja safi kabisa. Nikakaa kwenye kitanda chako kuitazama. Nikainuka kuangalia chungu, ikapotea. Nikakaa, ikarudi. Mama Mdogo akapanda ngazi kuniuliza kulikoni, ikapotea tena. Tela lina springi, wewe unalijua, mtu akigeuka usingizini mwenzake anajua. Ungo mdogo unautafuta mtambo mmoja tu huko juu angani, na ukisogea kidogo umekwisha. Elia akakuna kichwa, akasema, "Dada, hapa ishu ni nyumba yako inacheza sana. Tuipigie tofali."

Tukapiga matofali kila pembe. Nakwambia picha ilitulia kama ya ukutani. Na mimi usiku huo sikulala. Nilijigeuza huku na huku, tela halikujibu. Nilikumbuka siku ile nyapara wa kambi alipokushauri kitu hicho hicho, uliwekee matofali likae kama nyumba za watu, ukamjibu, "Nyumba isiyotikisika utajuaje kama kuna mtu ndani?" Wakati ule nilicheka. Safari hii nililia, Mama, sana, mpaka Mama Mdogo akasikia kutoka ndani kwake akaja kukaa na mimi.

Kisha Mjomba alishuka kutoka Kinole na mikungu yake ya ndizi, akayaona matofali, akafurahi. Akasema sasa limekuwa banda, tunaweza kumpangisha mtu. Asubuhi ile ile niliyatoa yote. Tena Dumila lile tope jeusi lingeyameza matofali kabla hatujapika chai.

Basi likaja shauri la kuutoa ungo kwenye paa na kuusimamishia mlingoti wake. Unatujua sisi watu wa Morogoro, kila kinachoshindikana tunausingizia mlima. Antena za kawaida zilitufundisha hivyo, kila nyumba na mti wake mrefu, jirani akiinua na wewe unainua. Mjomba akasema ungo ukikaa chini mlima utauziba. Mama Mdogo akasema mlima. Mimi nikasema mlima. Elia, ambaye alipaswa kujua, naye akaona watu wazima wote wamesema mlima, akakubali. Mjomba akateremsha mianzi kutoka Kinole, mirefu ya ajabu, tukaufunga ungo kileleni na kuusimamisha kando ya tela. Watoto wa mtaa mzima walikuja kuangalia. Lakini upepo wa jioni ukiteremka kutoka Uluguru mwanzi unainama na kuinuka, na msomaji wa habari anakuja na kuondoka, neno moja unalipata, mawili huyapati. Jirani mmoja akauliza kama tumeuanika ukauke au wachawi wetu wamepata usafiri wa kisasa.

Mjomba hakucheka. Alisema tumejaribu, inatosha, na kwamba Shomari ameshapata mnunuzi wa tela. Arobaini ilikuwa imefika. Nilianza kufunga vyombo vyako kwenye magazeti.

Kisomo kilifanyika uani kwa Mama Mdogo. Watu walijaa, ungefurahi, hata wapiga debe wa Msamvu walikuja wamevaa kanzu. Baada ya dua na pilau wakaingia watani. Bwana Mihambo, Mnyamwezi wako muuza asali, uliyemtukana miaka yote na kumpa nyama kubwa kuliko wengine. Alijifunga kanga yako kichwani na kiunoni, akakalia ringi ya tairi iliyokuwa uani, akaanza kugawa chakula kwa sauti yako. "Wewe, sahani si mpira, usikimbie nayo! Na wewe, jana ulisema umeshiba, leo tumbo umekodi?" Watu walicheka mpaka machozi. Mimi nilicheka kwanza kisha sijui kilichonipata, nikajikuta nimemshika mkono nimeukumbatia. Akaniacha. Kisha akaendelea kunitukana kwa sauti yako, na nikapona.

Unajua watani hawaondoki mikono mitupu. Akasimama akasema marehemu alikuwa na deni la kumtukana Mnyamwezi, basi anachukua mali yake ya thamani kuliko zote. Wenzake wakaufungua mwanzi, wakaushusha chini, wakaung'oa ungo. Akauweka juu ya ile ringi, akaulinda kama mwenye nyumba. Akasema haukombolewi ila kwa jogoo, tena jogoo anayewika. Mjomba akabisha, maana jogoo mwenyewe alikuwa wake. Wakatupiana maneno pale watu wakijishika mbavu, mwisho jogoo akatolewa.

Elia alikuwa amekuja kula pilau. Nikamwambia aangalie kama wamevunja kitu kabla hawajaupandisha tena. Akauchomekea waya palepale ulipokaa, juu ya ringi, chini kabisa, kimo cha goti. Akausogeza kidogo, akauegemeza kwa kipande cha tofali, akausogeza tena. Ndani ya tela sauti ikatoka. Elia akapiga kelele, "Imeshika! Imeshika chini!" Kumbe mtambo wenyewe uko juu karibu na utosi, ungo unautazama ukiwa umelala kama beseni la kukinga mvua. Mlima hauna habari nao. Kilichotusumbua muda wote ni kuupandisha.

Watu walisogea mlangoni kuchungulia. Mjomba Saidi alivua kofia yake, akaivaa, akainuka akaingia ndani ya tela. Unaujua uzito wake. Tulimsikia akitembea kutoka mlangoni mpaka kwenye kitanda chako na kurudi, tela zima likibembea kama gari la mizigo njiani. Kisha akaruka, Mama. Mzee yule akaruka, mara mbili, vyombo vyako vikalia ndani ya magazeti. Picha haikutikisika hata kidogo. Ungo ulikuwa nje, umekaa zake chini, haujui kama kuna mtu anaruka.

Akatokeza mlangoni anahema. Akasema, "Haya. Lakini hutakaa peke yako." Akamtazama Mama Mdogo, na Mama Mdogo, bila kuulizwa, akasema atakuja na mimi, na watoto wake wakubwa watabaki kulinda nyumba. Nilikaa chini pale pale mchangani. Kisha nikaingia kuvitoa vyombo vyako kwenye magazeti.

Dumila tulifika mpunga ukiwa umeanza kuvunwa. Tunashusha ringi kwanza kabla hata ya mafiga, tunaipima kwa pimamaji ya fundi mwashi, Mama Mdogo anaushika ungo na mimi ndani naangalia picha, ananiuliza "Bado?" nami namjibu "Bado," mpaka ije. Jenereta dogo tunaliweka mbali, lisikohoe masikioni mwa watu. Jioni ya kwanza walikuja watu wachache wa zamani, wakatazama habari, wakala. Mechi ilipofika benchi zilikwisha wakakalia madumu. Wa njiapanda bado wapo na ungo wao mkubwa, na wateja wao wapo, na sisi wetu wametosha. Kadi nimeilipia. Mwenye nyumba wako hajazima taa.

Mjomba alikuja Dumila kututembelea. Alisema anapita tu. Alikaa mpaka taarifa ya habari ikaisha, akaomba chai ya pili, akalala kwa Shomari, na asubuhi akaniuliza mwaka huu tunakwenda Turiani lini. Hilo swali, Mama, ndilo lililonitoa kitu kifuani. Tangu siku ile napumua.

Kuna jambo moja tu bado. Yale matofali. Mama Mdogo alifungasha manne, eti tukifika mahali tuweke pembe zote tusisumbuke, naye magoti yake hayapendi kuyumba. Nilimkubalia pembe tatu. Ya nne, ya upande wa kitanda chako, anapolala yeye sasa, nimeiacha tupu. Sikumwambia kwa nini.

Alfajiri anaamka kuswali, kama wewe. Anashusha mguu mmoja, tela linainama kidogo upande ule, kisha mguu wa pili. Mimi nimefumba macho, na kwa muda mfupi kabla sijaamka sawasawa, ni wewe. Kisha anakohoa, na kikohozi si chako, nafungua macho. Haiumi tena kama zamani. Naamka tu, nawasha moto.

Mama, nakuahidi hivi. Tela sitaliuza nikiwa hai. Ungo utakaa chini. Mvua zikiisha nitapanda Kinole kukusafishia kaburi, na ndizi za Mjomba nitazishusha mwenyewe. Na pembe yako haitawekwa tofali.

Wakata miwa wamefika. Pumzika sasa, nikawapakulie.

Mwanao,
Mwajuma