Kiti cha Dirishani, Upande wa Kushoto

Mama yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lile limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Vipi dada na wanawe? Na shangazi, bado anagombana na redio yake? Mimi huku sijambo. Ninakula, ninalala, na nguo zangu nazipiga pasi mwenyewe, hata kola, kama ulivyonifundisha.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono kutoka kwa mtu mwenye simu. Nimemwomba dereva wa basi la asubuhi akufikishie, kwa sababu nina jambo la kukueleza kuhusu Ijumaa ile, na dada ameniambia kwamba siku hizi ujumbe wa simu ukiingia huusomi, unaigeuza simu kifudifudi mezani. Nivumilie nianzie mbali kidogo. Unajua nikiwa na hofu siwezi kuanzia katikati.

Kampuni yetu ya mabasi inafungua tovuti mpya, ili abiria aweze kukata tiketi akiwa kwake. Mimi, karani mdogo kuliko wote ofisini, nilipewa kazi ya kuikagua kabla watu hawajaiona. Uliwahi kuniuliza hiyo ni kazi gani, nikababaika. Ni hivi. Ili kuiona tovuti, simu au kompyuta hutumia kitu kinachoitwa kivinjari, na vivinjari viko vya aina nyingi. Chukulia madirisha ya nyumba yetu. Yote yanaangalia ua uleule, lakini la jikoni lina ukungu, la chumbani kwako lina ule ufa, na la sebuleni ukisimama vibaya linakuonyesha sura yako mwenyewe. Kazi yangu ni kusimama kwenye kila dirisha na kusema ua unaonekanaje.

Basi nimewekwa kwenye meza ya pembeni, chini ya feni inayolia, pamoja na kompyuta mbili na rundo la simu kuukuu ambazo nyaya zake za chaji zimesukana kama nywele. Kivinjari kimoja kilionyesha kila kitu sawasawa. Kingine kilileta kalenda juu ya kitufe cha kukata tiketi, kwa hiyo abiria aliweza kuchagua siku lakini hakuweza kusafiri. Kwenye simu ya zamani kabisa, inayofanana na yako, kitufe hakikuwepo kabisa, na basi la pichani lilibonyea kama limekaliwa na tembo. Nilimwonyesha fundi aliyeitengeneza tovuti. Akasema huenda hilo ndilo basi letu la kweli, wapiga picha ndio waliolipendelea, kisha akaketi kurekebisha. Ni mtu mwema, ila huongea huku amenipa mgongo, nami hupata shida kujua kama amekasirika.

Kila kivinjari ilibidi nikijaribu mwanzo mpaka mwisho, kama abiria kamili: jina, safari, siku, kiti, na namba ya simu ya mtu atakayenipokea. Ningeweza kuandika chochote. Wenzangu walipojaribu walijiita wafalme na kujipeleka kokote. Mimi mkono wangu ulikuwa unakwenda nyumbani wenyewe. Kila mara nilichagua basi la Ijumaa jioni la kuja huko, kiti cha dirishani, upande wa kushoto, kwa sababu basi likikata kona ya mwisho, upande huo ndio unaoliona tangi letu la maji kwanza. Na kwenye namba ya mpokeaji niliandika yako. Ndiyo pekee ninayoijua kwa kichwa.

Jumamosi dada akanipigia. Hakunisalimu. Aliniuliza kama nimeamua kuwacheza shere. Alisema ulipata ujumbe kutoka kampuni ya mabasi kwamba abiria wako atawasili jioni. Ukatandika kitanda changu kwa shuka lile la wageni, ukavaa viatu vya kutokea, ukaenda kituoni na goti lako hilohilo. Alisema basi lilipoteremsha watu wote ulipanda mwenyewe kuangalia ndani, na kondakta akakuonyesha kiti kilichokuja kitupu. Ulipofika nyumbani ulisema tu kwamba labda kazi imenizidi, ukalikunja shuka. Hapo dada hakunigombeza tena. Afadhali angeendelea.

Mama, ningeweza kumsingizia fundi, na kwa siku nzima nilikusudia kufanya hivyo. Yeye ndiye aliyeiwasha sehemu ya kutuma ujumbe Ijumaa ile asubuhi. Lakini alitutangazia sote kwamba majaribio yamekwisha, mtu asijaze tena. Nilimsikia. Vivinjari vyangu vyote nilikuwa nimeshavimaliza. Nilijaza tena kwa sababu mwishoni ukurasa huandika, kwa herufi za kijani: Umepata kiti. Unasubiriwa nyumbani. Nilitaka kuyasoma maneno hayo kabla hawajaniondoa kwenye meza ile. Haikuwa kazi. Ilikuwa hamu tu, na sikufikiria kwamba wewe nawe ungeyasoma.

Jumatatu nilikwenda kwa bosi. Nilifika mlangoni kwake nikarudi, nikafika tena nikarudi, kama mtu aliyesahau mwavuli. Bado sijathibitishwa kazini, na anaweza kuniachisha kwa sentensi moja. Nilimweleza yote, mpaka la shuka. Akasema nimefanya utoto, na kwamba atalikumbuka siku ya kuamua kama nibaki. Kisha akauliza kwa nini sijawahi kuomba likizo. Nikasema naogopa kuonekana sitaki kazi. Akasema katika ofisi ile wasioomba likizo ni mimi na feni, na feni angalau inalalamika.

Nikaomba palepale, nimesimama. Akakubali.

Kwa hiyo ujumbe utakuja tena, mama, na huu ni wa kweli. Tiketi nimeikata kwenye ile simu inayofanana na yako, na safari hii kitufe kilionekana. Ni Ijumaa hii, basi lilelile, kiti kilekile. Lakini usije kituoni. Pale umeshanisubiri. Shuka la wageni libaki kabatini, nitandikie langu la kila siku, na mlango usiutie komeo. Nitabisha hodi mwenyewe.

Mwambie dada nimesikia yote aliyosema na yale aliyoyameza. Wabusu watoto, na shangazi mwambie ile redio nitaitazama nikifika. Kama kazi hii itanishinda, nitakuwa nimeshakuona kwanza.

Ni mimi, kitinda mimba wako,
ninayekuogopa kidogo na kukukumbuka sana.