Usukani Ulionyooka

Kaka Abdulmalik, shikamoo.

Hapa Ilala hatujambo, ila baiskeli yako itanitia wazimu. Nimeng'oa ule usukani wa kuinamia, nimefunga ulionyooka na kidude kipya cha kubadilishia gia. Gia za nyuma zinaingia. Za mbele, cheni imegoma kabisa kupanda kwenye meno makubwa! Muuzaji wa Kariakoo aliniapia, "Dada, hiki kinaingia baiskeli yoyote." Kumbe ni cha baiskeli za milimani, hakivuti waya inavyotakiwa. Kesho namrudishia, atanitambua.

Najua uliagiza niiuze. Siuzi. Shangazi anasema tangu ajali unashinda ndani, umegeukia ukuta. Kaka, daktari alisema mgongo wako hautainama tena. Hakusema hutaendesha.

Mdogo wako,
Chiku