Uso Wenye Vumbi

Jumanne, tarehe 4
Taarifa ya asubuhi imekwenda hewani. Barabara ya Kanyabayonga, bei ya mihogo, ugonjwa wa homa ya kuvuja damu huko Beni. Kavira, fundi wetu wa sauti, hayupo. Jana tulirudi kutoka Beni, kila mtu na pikipiki yake. Kwenye kizuizi cha kuingilia Butembo walimwelekezea paji la uso kile kipimajoto chenye umbo la bastola: 36.7. Nusu saa baadaye, zahanati: 38.9. Wamempeleka kituo cha matibabu. Jibu la damu bado.

Jumatano, tarehe 5
Usingizi hakuna. Tofauti ni 2.2. Gawanya kwa 38.9, zidisha kwa mia: kosa la asilimia 5.7. Nimempelekea hesabu hiyo mkuu wa kizuizi, mtu wa Kasai. Akacheka. "Ku masomo unapata nonante-quatre, mais unalia?" Tisini na nne kwa mia, yaani mia ukitoa kosa langu.

Hesabu ni sahihi na haisemi kitu. Mzima ana 36.5, mwenye homa 38. Pengo ni digrii moja na nusu. Kosa linalimeza lote.

Lakini homa hupanda. Nusu saa inatosha. Sina uthibitisho. Sitangazi.

Alhamisi, tarehe 6
Nimeshinda kizuizini. Wanaoshuka pikipiki hufika wekundu kwa vumbi. Wananawa mikono kwenye ndoo ya klorini, kisha, kwa kuwa maji yapo, na uso. Halafu ndipo wanapimwa. Kavira alinawa mpaka shingoni. Nilimwona.

Nikamwomba Masika, muuguzi wa zamu, anipime kabla: 36.6. Nikanawa uso: 34.9.

"Papa journaliste, na hii degré tunakuzika leo!"

Kisha akaitazama foleni, nyuso zote zikichuruzika maji. Kifaa ni kizima. Wangapi wamepita? Hakuna ajuaye. Nina hasira.

Ijumaa, tarehe 7
Nimetangaza. Bila asilimia. Digrii na ndoo tu. Mkuu alipiga simu, akafoka, akakata. Kituo cha matibabu hawapokei simu. Nazunguka uwani. Nimegusa paji langu tena. Upuuzi.

Jumapili, tarehe 9
Jibu la damu: malaria tu. Kavira anakula, na anauliza nani amegusa mashine zake.

Jioni nimerudi kutoka Beni. Kizuizini, kiti cha Masika sasa kiko mbele, ndoo nyuma yake. Nilisimama na vumbi langu. 36.5. Kisha nikanawa.